Gesi Joto ya Shosho

Maneno yalikuwa kumi na manane. Madam aliyaleta jikoni yakiwa yamechapwa kwenye karatasi moja, akaiweka kando ya sinia ya vikombe, akasema, "Wewe unajua Kiswahili. Chetu sisi kinatoka kama cha mtu aliyemeza kamusi. Hebu andika vile ungemwambia mtu wa kwenu."

Mimi nilikuwa wa chai. Ofisi ile iko Hurlingham, ghorofa ya pili juu ya duka la dawa, na kazi yake ni mambo ya mazingira: miti, hewa, takataka, stima ya jua. Kazi yangu ilikuwa thermosi, vikombe, sakafu na vyoo. Shule niliishia kidato cha pili. Lakini insha nilikuwa naziweza, na ugonjwa huo haukuniacha hata baada ya kuvua sare. Nilikuwa nikibandika vikaratasi hapo jikoni: "Majani ya chai hayajui kuogelea, usiyatupe kwa sinki." Au: "Kikombe hakina miguu ya kwenda kujiosha." Watu walikuwa wanakuja kuvisoma wakicheka. Bosi mwingine angenikanya. Huyu alinipa maneno kumi na manane.

Nilifurahi mpaka nikasahau kutia sukari kwenye chai ya saa nne, na hakuna aliyelalamika, labda kwa heshima. Jioni hiyo nilitembea sehemu kubwa ya njia ya kwenda nyumbani, nikipitia Muthangari, maana nikipewa jambo la kuwaza miguu yangu ndiyo huwaza kwanza. Stima ilikuwa imepotea upande ule. Nyuma ya kila geti jenereta ilikuwa inanguruma, na juu ya paa moja niliona vioo vya sola vimetulia kimya, kama mtu aliyeshiba kabla wenzake hawajapakuliwa. Nikajiambia, hivi vyote vina majina kwenye karatasi yangu. Nikajiona mwandishi tayari. Nilikuwa hata nimeshachagua nguo nitakayovaa siku kitabu kitakapotoka.

Karatasi ile ilikuwa igawiwe Dagoretti, kwenye baraza ya chifu, kwa akina mama wanaopika kwa makaa. Na Dagoretti ndiko ninakoishi, kwenye chumba cha mabati nyuma ya nyumba ya bibi mzee ambaye sote humwita shosho.

Shosho si wa damu yangu. Watu wangu mimi ni Wakamba wa upande wa Kitui, kule kwa ukame. Yeye ni Mkikuyu aliyezaliwa hapo hapo Dagoretti wakati ng'ombe walikuwa wengi kuliko nyumba. Ploti ni yake. Mumewe alishatangulia, na mwanawe wa pekee anaishi kwenye fleti huko Muthangari, kazi yake ya ofisini. Chumba changu na jiko lake vimetenganishwa na ukuta mmoja wa bati, kwa hivyo yeye alikuwa anajua nikicheka na simu, na mimi nilikuwa najua akikohoa. Alikuwa anakohoa sana. Maisha yake yote amepika kwa makaa, na kifua kilikuwa kimeanza kulia kama mlango wa ghala. Daktari alimwambia mwanawe wazi: mtoe mama kwa moshi, ama kifua hiki hakitafika mbali.

Ndipo mwana akaleta meko. Meko ni ule mtungi mdogo wa gesi ambao jiko lake limekaa juu ya kichwa, unaouona kwa kila chumba cha kupanga Nairobi. Shosho aliukataa majuma mawili. Akausogelea na kiberiti kama mtu anayemlisha mbwa wa jirani. Kisha siku moja akachemsha nayo maziwa, yakachemka kabla hajamaliza kusali, na kuanzia hapo akawa ndiye anayetufundisha sisi namna ya kufunga mdomo wa mtungi. Mwezi wa nne na wa tano nililala bila kusikia ukuta ukikohoa.

Sasa, maneno yangu niliyafanyia kazi kwa shosho. Kila jioni nilikuwa naingia kwake na daftari, yeye akiwa anachambua maharagwe, namsomea neno, nikiangalia uso wake unafanya nini.

La kwanza lilikuwa tabianchi.

"Tabia ya nchi?" akasema. "Hii nchi tabia yake tunaijua. Ni kutosikia."

"Si hiyo, shosho. Ni vile mvua na jua na baridi huwa, miaka mingi."

"Si useme hali ya hewa?"

"Hali ya hewa ni ya leo."

Akatupa haragwe bovu mlangoni, kuku akaliangalia akaliacha. "Ngoja. Bwana yangu akinuna siku moja, hiyo ni hali ya hewa. Akinuna miaka arobaini, hiyo ni tabia."

Niliandika hivyo hivyo. Madam alipoisoma ilibidi aweke kikombe chini. Akaniambia kwamba yeye amekaa kwa mikutano ya siku tatu, yenye chakula cha hoteli, na hajawahi kusikia tofauti hiyo ikielezwa vizuri zaidi. Maneno hayo nilikwenda nayo nyumbani yakiwa bado moto, nikamwambia shosho. Akasema, "Mwambie bwana yangu pia alikuwa na siku za mvua nzuri, asimwone vibaya."

Kwenye kawi tulipigana kidogo. Hapa Kenya serikali husema kawi, vitabu vya Tanzania vinasema nishati, na watu wa ploti yetu wanasema stima hata kama ni betri. Shosho aliposikia kawi alidhani ni kukawia: "Si ndiyo stima ikipotea inakawia kurudi?" Niliandika: "Kawi ni ile nguvu inayofanya kazi ifanyike, iwe ni ya kuni, ya stima, ya jua au ya mkono wako ukifua." Kawi jadidifu ikawa ile ambayo ukiitumia leo kesho ipo tena bila kuombwa, kama jua, upepo, maji yanayoanguka, na mvuke unaotoka chini ya ardhi kule Bonde la Ufa. Biogesi ndiyo ilimkasirisha. Nilimweleza kwamba kinyesi na mabaki ya matumbo ya ng'ombe, yale yanayonuka hapa kila asubuhi kutoka machinjio ya Dagoretti, yakifungiwa kwa tangi yanatoa gesi ya kupikia.

"Chai yangu ichemshwe na mavi?"

"Si mavi, shosho, ni gesi yake."

"Wewe Mkamba, uniheshimu."

Hata hivyo, siku iliyofuata aliniuliza kama moto wake huwa wa bluu.

Nimesema haya yote ili mtu aelewe kwamba sikuwa mzembe. Maneno magumu niliyahangaikia. Niliyageuza, nikayaonja, nikayapeleka kwa shosho yakarudi na mchanga nikayaosha tena. Lakini kulikuwa na neno moja ambalo niliona halina shida. Gesi joto. Gesi, kila mtu anajua. Joto, kila mtu anajua. Hilo sikumsomea shosho. Nililiandika mwenyewe siku ya Ijumaa, nikiwa nimesimama, birika ikiwa inakaribia kuchemka: "Gesi joto ni gesi zinazofanya dunia izidi kupata joto. Zikiongezeka zinaleta ukame, mafuriko na magonjwa. Tupunguze gesi joto nyumbani kwetu."

Nikapiga nukta. Nikaenda kupeleka chai.

Karatasi zilichapwa, boksi mbili, zikakaa chini ya meza ya madam zikingojea baraza. Mimi nilipewa moja ya kwanza kabisa na nikampelekea shosho. Alivaa miwani, akasimama mlangoni kwenye mwanga, akaisoma yote kwa sauti, pole pole, jinsi anavyosoma Biblia: neno kwa neno, bila kuruka, kidole kikifuata. Kisha akaibandika ukutani karibu na kalenda ya kanisa.

"Hii imeandikwa vizuri," akasema. Na kwa shosho, kitu kikishaandikwa, kimeandikwa.

Halafu Julai ikaingia. Watu wa mbali hawajui baridi ya Nairobi ya mwezi wa saba. Haina theluji, haina upepo wa kutisha, ni wingu tu linalokalia paa la nyumba kama kuku aatamiaye mayai, na unyevu unaingia mpaka kwenye blanketi. Madirisha yote yanafungwa. Mimi nilikuwa natoka asubuhi na kurudi jioni, nachelewa kwa sababu tulikuwa na wageni ofisini, na nikifika naanguka kitandani. Nilisikia kikohozi kupitia ukuta. Nilijiambia ni baridi. Kila mtu alikuwa anakohoa.

Jumamosi moja niliachiliwa mapema, nikafika nyumbani kama saa nane mchana. Kitu cha kwanza nilichokiona ni meko. Ilikuwa nje, kwenye kona karibu na bomba, imefunikwa gunia, na gunia lenyewe lilikuwa limelowa maji. Nikacheka. Nilidhani inavuja, au mwana ameleta mpya. Nikaita, "Shosho! Kwani meko imefanya nini umeipeleka jela?"

Nikaenda mlangoni kwake.

Mlango wake ulikuwa umefungwa na dirisha limefungwa, na chini ya mlango alikuwa ameziba kwa kitambaa ili baridi isipite. Nikabisha. Nikasukuma. Hakukuwa na moshi hata kidogo, na hiyo ndiyo sababu sikuogopa kwa haraka iliyotakiwa. Jiko la makaa lilikuwa katikati ya chumba, makaa yameiva mekundu, mazuri, githeri ya mahindi na maharagwe ikitokota juu yake. Shosho alikuwa kwenye kiti, kidevu kifuani, miwani imeteleza.

Sijui nilimtoaje. Shosho si mwepesi. Nakumbuka viatu vyake vikiburuta kizingitini, na mimi nikimwambia pole, pole, pole, kama kwamba nimemkanyaga. Nilimlaza ubavu kwenye gunia tupu la mahindi hapo uani, nikarudi nikafungua kila kitu, nikalitoa jiko nje na githeri yake. Alipofungua macho alitapika. Akasema kichwa chake kinapasuka. Akaniuliza kama ni asubuhi.

Nilimpigia mwanawe simu, akafika na gari haraka kuliko nilivyotegemea. Zahanati walimwekea oksijeni mpaka giza likaanza kuingia, wakasema ametolewa kwa wakati, wakasema kifua hicho hakitaki tena mzaha wa pili kama huo. Tuliporudi naye nyumbani, amefunikwa shali mbili, mwana akauliza kile ambacho mimi pia nilikuwa sijauliza.

"Mama, meko si nilikuletea? Nani alikwambia uiache?"

Shosho aliinua mkono akaelekeza ukutani. "Imeandikwa."

Mwana akaisogelea ile karatasi. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha uji na nilijua kabla hajafika mstari wenyewe. Moyo huwa unajua kusoma kuliko macho.

"Gesi joto," shosho akasema kwa sauti ndogo ya mgonjwa, lakini yenye uhakika. "Nilikuwa nikimaliza kupika naweka mkono kwa meko. Joto. Kila siku, joto. Hapo imesema tupunguze nyumbani. Kwanza nikaiweka nje ipoe, iwe gesi baridi, nikaimwagia maji. Lakini ukiwasha tu, joto tena. Nikasema, basi, mimi sitakuwa ndiye ninaleta ukame huko kwa watu wa huyu msichana."

Kwa watu wangu. Alikuwa amerudi kwenye makaa kwa sababu yangu mara mbili: kwa maneno yangu, na kwa watu wangu.

Mwana aligeuka. "Ni wewe uliandika hii?"

"Ni mimi."

Hakunigombeza. Aliitazama tena ile karatasi, akaondoka kwenda kuegesha gari vizuri ingawa lilikuwa limeegeshwa vizuri. Afadhali angenigombeza.

Jumapili shosho hakwenda kanisani. Nilikaa naye uani palipokuwa na kajua kembamba. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha kichwani, na nikaanza kama mwalimu, kwamba gesi joto si gesi ya meko, ni jina la jumla la hewa fulani zilizo juu angani, na kwamba gesi hapa si ile gesi.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Sasa nikusikize wewe wa leo, ama wewe wa karatasi?"

Nikaangalia kwa jirani ng'ambo ya ua, ambako kuna grinhausi ya plastiki, ile ya nyanya na hoho. Nikamwuliza, "Shosho, ukiingia kwa grinhausi ya jirani saa hii na baridi hii, unasikiaje?"

"Nasikia joto. Kwani mimi mtoto?"

"Na moto umewashwa humo?"

"Hakuna moto. Ni jua linaingia, plastiki inakataza joto kutoka."

"Basi. Juu huko kuna hewa ambazo ni kama hiyo plastiki. Huzioni. Kidogo kidogo ni nzuri, zisingekuwepo tungeganda. Lakini tukizidisha, plastiki inakuwa nzito, joto halitoki. Si kwamba zenyewe ni moto. Ni kwamba zinakataza joto kwenda nyumbani. Hizo ndizo gesi joto."

"Hiyo sasa ni kitu mtu anaona," akasema. "Mbona hukuandika hivyo?"

"Nilikuwa na haraka."

"Na hiyo plastiki inatengenezwa na nini?"

"Moshi wa magari. Viwanda. Makaa yakiungua, kuni zikiungua. Miti ikikatwa, kwa sababu miti ndiyo huivuta hewa ukaa, ile inayotoka vitu vikiungua."

"Makaa ya kwenu."

"Ya kwetu, shosho." Baba yangu amechoma makaa tangu nimjue. Gunia lililokuwa limeegemea ukuta wake, na tawi la majani likichungulia mdomoni, lingeweza kuwa limepita mikononi mwa baba, na sote wawili tulilijua hilo bila kulisema.

Akafunga shali. Akakohoa, kikohozi kirefu kilichomkunja, nikamshika mgongo mpaka kikapita. Halafu akauliza swali ambalo nilikuwa naomba asiulize.

"Na meko? Ikiungua, haitoi hiyo plastiki?"

Nataka niseme ukweli juu ya dakika hiyo, kwa sababu nimeifikiria sana. Nilikuwa na neno moja fupi mdomoni, na neno hilo lingemrudisha kwenye meko siku hiyo hiyo. Hapana. Haitoi. Nani angenilaumu? Mwanawe angenishukuru. Kifua chake kingenishukuru. Lakini yule mtu alikuwa amesoma maneno yangu kwa kidole, neno kwa neno, akayatii mpaka yakakaribia kumwua. Nikaona siwezi kumdanganya mtu anayesoma namna hiyo.

"Inatoa, shosho. Nayo inatoka chini ya ardhi, kwa mafuta, na ikiungua inaongeza. Lakini makaa yanaongeza pia, na yanamaliza miti, na yanakumaliza wewe."

Nilingoja akasirike. Badala yake uso ulimlegea.

"Kwa hivyo sikuwa mjinga," akasema.

"Hukuwa mjinga hata kidogo."

"Nilidhani nimekuwa yule mzee wa kuchekwa." Akafuta macho kwa ncha ya shali, akisingizia jua. "Sasa hiyo hewa iliyonilaza pale kwa kiti. Hiyo nayo ni nini? Iko kwa hayo maneno yako kumi na ngapi?"

Haikuwemo. Nilikimbia ndani nikaitoa karatasi ukutani, nikaipitia kama mtu aliyepoteza ufunguo. Tabianchi ilikuwemo, na hewa ukaa, na ukataji miti, na uchafuzi, na nyayo za kaboni. Dunia nzima ilikuwa imeelezwa, isipokuwa chumba kilichofungwa cha mama mmoja na jiko lake. Ile hewa ina jina refu la kimaabara, kaboni monoksidi, na huku kwetu haina jina kabisa. Watu husema tu, "Wameuliwa na jiko." Nyumbani Kitui baba alikuwa anasema jiko halilali na watu, na kila jioni analitoa nje yeye mwenyewe. Hatukuwahi kuuliza kwa nini. Tulifundishwa kulitoa tu.

Jumatatu nilimwambia madam kabla hajavua koti. Nilimwambia yote, hata ile sehemu ya birika. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba nikirudishwa kwenye vyoo peke yake nitavisugua bila kununa.

"Lakini gesi joto ni neno sahihi," akasema. "Liko kwa vitabu."

"Ni sahihi, madam. Lakini kwetu gesi ni meko. Ukimwambia mama apunguze gesi nyumbani, atapunguza gesi nyumbani."

Akakaa. Akatoa karatasi moja kwenye boksi akaisoma tena ile sentensi, midomo ikisogea. "Mimi niliipitisha," akasema. "Niliisoma mara tatu nikaipitisha." Akaniambia baraza ni Alhamisi, na kuchapa upya haiwezekani, ila naweza kutengeneza kikaratasi kidogo tutoe nakala tukibandike juu ya mstari ule kwa gundi. "Na hilo neno la kumi na tisa uliongeze. Leta kesho asubuhi."

Jioni niliketi kwa shosho na daftari. Ya gesi joto tuliimaliza upesi, kwa grinhausi ya jirani, na tukaongeza, "Gesi ya kupikia ikitumika vizuri huokoa kifua chako na miti, ingawa nayo ina sehemu yake ya lawama." Shosho ndiye aliyetaka lawama ibaki. Alisema akina mama si watoto.

La kumi na tisa lilitutesa. Jina tulilipata kwanza: sumu ya jiko. Kisha nikaandika maelezo yangu, nikajivunia: "Sumu ya jiko ni hewa isiyo na rangi wala harufu, inayotoka kwenye makaa yanayoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha. Huingia mwilini mtu asijue, akadhani ni usingizi au uchovu. Kwa hivyo, unapopika kwa makaa, hakikisha umefungua mlango na dirisha."

Nikamsomea. Shosho alikuwa amefumba macho.

"Mlango uko wapi hapo?" akauliza.

"Mwishoni."

"Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Ungekuwa unanisomea hiyo siku ile, ningelala kabla hujafika mwisho." Akafumbua macho. "Weka mlango kwanza. Hayo mengine watasoma wakishapata hewa."

Nikafuta. Nikaanza upya: "Fungua mlango." Nikamtazama. Akaitikia kwa kichwa niendelee. "Fungua na dirisha. Chakula kikishaiva jiko litoe nje, hata kama kuna baridi, hasa kama kuna baridi."

"Hapo sawa. Sasa waambie hiyo sumu."

Tuliandika mpaka chai ikapoa. Akataka kuichemsha upya. Aliinuka pole pole, akashika ukuta, akatoka hadi kwenye kona ya bomba. Nilitaka kumsaidia kubeba meko, akanipiga mkono. "Githeri inamaliza gesi, nitapikia huko nje kwa jiko," akasema akiwa ameinama, akivuta pumzi kati ya maneno. "Ikinyesha hatuli githeri. Chai na ugali ni hii. Na hiyo plastiki ya juu, mimi na dunia tutagawana makosa, mimi ni mzee, nichukue kidogo."

Kisha akanikubalia nishike upande mmoja wa mtungi, tukauingiza ndani pamoja, akausukuma mlango kwa mguu ukabaki wazi, baridi yote ya Julai ikaingia, akawasha kiberiti.